Radi Ikifunga Kisongo: Namna ya Kuhamia Uwanja Mbadala, Hatua kwa Hatua

Kila masika yakianza, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Kijana amepata leseni, ameajiriwa kurusha Caravan, ndege ndogo za injini moja za kubeba watalii, kutoka Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, na alasiri moja akirudi kutoka Seronera, ndani ya Serengeti, anakuta ukuta mweusi umesimama kati yake na Mlima Meru. Nisubiri au niondoke? Nimwambie nini mwongoza ndege? Anayeamua ni mimi au mnara? Nikitua KIA, yaani Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ofisini watanielewa? Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka mingi. Leo naandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa rubani anayeanza kazi kwenye anga la Arusha na Moshi, akiwa na ndege ndogo au ya wastani. Hauchukui nafasi ya kitabu cha ndege yako wala taratibu za kampuni yako. Vikitofautiana na ninachosema hapa, fuata hivyo. Wanaojifunza kazi ya kuongoza ndege nao watapata chao, maana upande wa pili wa redio nimeueleza pia. Redioni tunazungumza Kiingereza cha anga, lakini hapa naeleza kwa Kiswahili na kuacha yalivyo maneno machache ambayo lazima yatamkwe vilevile. Kuhamia uwanja mwingine, sisi wenyewe kazini tunaita kudaivati.

Anga letu kwa ufupi

Hewa yenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ikapanda miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro na Meru. Jua la mchana huipasha moto, na kufikia saa nane au saa tisa wingu limeshaumuka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika misimu yote miwili alasiri ndiyo ya kuogopwa. Kilele cha wingu la radi ukanda wetu hupita futi 40,000, kwa hiyo usifikirie kuliruka kwa juu. Kupita chini yake ni kubaya zaidi, kwa sababu huko ndiko upepo unakoporomoka kutoka tumboni mwa wingu na kusambaa ardhini. Umebakiwa na mambo matatu: kulizunguka, kulisubiri, au kwenda kwingine.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuwasha injini

- Taarifa ya hali ya hewa ya sasa na utabiri, yaani METAR na TAF, za KIA na za viwanja vingine unavyovifikiria, pamoja na SIGMET, tahadhari za hali ya hewa ya hatari angani. Zinatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.
- Matangazo ya NOTAM (taarifa kwa marubani kuhusu mabadiliko na hitilafu) ya kila uwanja unaoweza kutua, pamoja na saa zake za kazi. Uwanja uliofungwa saa kumi na mbili jioni si mbadala wako saa kumi na mbili na robo.
- Saa ya jua kuzama.
- Matumizi halisi ya mafuta ya ndege unayorusha leo, si ya ndege ya jana.
- Karatasi ya gotini na penseli mbili. Penseli huanguka chini ya usukani wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote.
- Simu yenye chaji na maji ya abiria.

Hatua ya 1: Isome saa sawasawa

Naanza na saa kwa sababu hapa ndipo makosa mengi ya wageni wa kazi huanzia. METAR na TAF huandikwa kwa saa za Zulu, yaani saa ya dunia ya UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kijana anaona 1200Z, kichwani anasoma "saa kumi na mbili", anatulia akijua radi itakuja jioni. Kumbe 1200Z ni saa tisa alasiri.

Njia fupi ni kutoa tatu. Kumi na mbili toa tatu, saa tisa alasiri. 0600Z, sita toa tatu, saa tatu asubuhi. Jibu likizidi kumi na mbili, ondoa tena kumi na mbili: 1700Z inakuwa kumi na nne, yaani saa mbili usiku. Andika saa ya Kiswahili pembeni ya kila taarifa kwa penseli, kisha soma mengine.

Chukua mfano huu niliouandika kwa ajili ya somo:

HTKJ 091200Z 12014G26KT 6000 VCTS FEW022CB BKN030 27/19 Q1015

HTKJ ni KIA, tarehe 9, saa tisa alasiri. Upepo unatoka nyuzi 120 kwa noti 14 (noti ni maili ya baharini kwa saa), ukipiga hadi 26. VCTS maana yake radi iko jirani: si juu ya uwanja, bali kati ya kilomita 8 na 16 kutoka hapo. FEW022CB ni wingu la radi ambalo tako lake liko futi 2,200.

Sasa ngoja tukae kidogo kwenye hizo futi 2,200, maana zinawadanganya wengi. Kimo cha wingu hupimwa kutoka uwanjani, si kutoka usawa wa bahari. KIA iko futi 2,932 juu ya bahari, kwa hiyo tako la wingu hilo liko kama futi 5,130. Kisongo iko futi 4,550. Wingu hilohilo likisogea hadi Kisongo likiwa kwenye kimo kilekile, litakuwa futi zisizofika 600 juu ya njia ya kurukia. Mtu anasoma KIA, anaona nafasi ya kutosha, anaondoka Seronera akiimba. Anafika Kisongo na wingu limekaa juu ya miti. Kila ukisoma kimo cha wingu la KIA, toa futi 1,600 upate picha ya Kisongo.

Hatua ya 2: Chagua mbadala wawili, wa karibu na wa mbali

KIA ndiyo mbadala wa kwanza wa kila anayekwenda Kisongo, na inastahili: njia yake ina urefu wa kama mita 3,600, ina vifaa vya kumwongoza rubani kutua kwa kufuata vipimo wakati haoni nje, ina zimamoto la ndege kubwa. Ila iko kama kilomita 50 tu kutoka Kisongo. Mfumo mmoja wa mvua unaweza kuvifunika viwanja vyote viwili kwa pamoja, na katika masika hufanya hivyo. Rubani mwenye mbadala mmoja wa karibu, siku kama hiyo hana mbadala.

Kwa hiyo ongeza wa mbali, ulio nje ya mfumo ule. Dodoma ni maili za baharini kama 176 kusini. Kutoka KIA, Tanga na Mombasa ni kama 155 kila mmoja, na Nairobi kama 130, lakini Mombasa na Nairobi ni kuvuka mpaka, na abiria wako wana mambo ya uhamiaji. Na usisahau uliyoyapita njiani. Manyara iko maili kama 49 tu magharibi ya Kisongo, na ukiwa bado upande ule wa Monduli, kurudi nyuma mara nyingi ni rahisi kuliko kusonga mbele. Moshi ni mzuri kwa ndege ndogo, lakini uko chini ya mteremko uleule unaozaa mawingu. Usiuhesabu kama mbadala wa siku ya radi.

Hatua ya 3: Andika mafuta kwa namba

Tuseme Caravan yako inakunywa pauni 400 kwa saa. Seronera hadi Kisongo ni maili 121, dakika 50 hivi.

- Kuwasha na kutembea ardhini: 35
- Safari: 340
- Nyongeza ya asilimia 5 ya safari: 20
- Kukwepa na kusubiri, dakika 20: 135
- Kisongo hadi KIA na kukaribia kutua, dakika 15: 100
- Akiba ya mwisho, dakika 30: 200

Jumla ni pauni 830. Badilisha KIA uweke Dodoma, saa moja na dakika sita, na ile 100 inakuwa 440. Jumla inapanda hadi 1,170. Kwa ndege za pistoni, akiba ya mwisho ni dakika 45, si 30.

Tofauti ya pauni 340 ni kama abiria wawili na mabegi yao, na hapa ndipo mazungumzo na ofisi huwa magumu. Nakusihi, mdogo wangu, yafanye asubuhi, siyo mlangoni mwa ndege. Mpelekee meneja karatasi yenye hesabu, mwoneshe utabiri, mwambie leo nahitaji kiasi hiki. Wengi hukubali wakiona namba. Asiyekubali, hesabu haibadiliki kwa sababu yake. Anayesaini ndege ni wewe.

Sasa juu kabisa ya karatasi ya gotini andika namba mbili kubwa. Ya kwanza ni 640, yaani 440 za kufika Dodoma na 200 za akiba. Ya pili ni 300, yaani 100 za KIA na 200 za akiba. Kipimo cha mafuta kikigusa 640 na huna uhakika na Kisongo wala KIA, unakwenda Dodoma. Kama KIA iko wazi kabisa unaweza kukaa hadi 300, lakini ikigusa 300 unapaswa kuwa tayari umeelekea huko. Namba hizi unaziandika ukiwa umeketi ardhini umetulia, kwa sababu ukiwa juu, abiria wakiuliza bado dakika ngapi, kichwa huanza kubembeleza.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizunguka karibu na Monduli nikisubiri Kisongo ifunguke. Nilijipa dakika kumi. Kila zikiisha naona mwanga upande wa mji, naongeza tano. Dakika ya ishirini na tano ndipo nikaenda KIA, na nilipozima injini mafuta yalikuwa chini ya akiba. Mvua ya Kisongo iliisha dakika kumi baada ya mimi kutua. Nilikaa kwenye ngazi ya ndege nikiangalia kipimo, mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo naandika namba.

Hatua ya 4: Angalia, na uulize waliotangulia

Ukiwa njiani, usitegemee kioo kimoja. Rada ya hali ya hewa iliyo kwenye bawa la Caravan huona matone ya mvua. Haioni msukosuko wa hewa kavu. Mvua nzito pia humeza mawimbi yake, kwa hiyo weusi unaouona nyuma ya eneo jekundu si njia safi. Ni mahali ambapo rada imeshindwa kufika. Inamisha na kuinua antena uone wingu limeota hadi wapi. Picha za setilaiti kwenye simu huchelewa. Zitumie kupanga safari, usizitumie kupenya kati ya mawingu mawili.

Macho yako bado ni kifaa kizuri. Wingu lenye kingo ngumu zinazochemka kama povu la uji bado linakua. Vumbi linaloinuka kwa mstari kwenye uwanda wa Boma Ng'ombe wakati mvua haijafika ardhini ni onyo kubwa: mvua inakauka ikiwa angani, hewa inapoa, inakuwa nzito, inaanguka. Upepo huo huweza kukutangulia kwa kilomita nyingi mbele ya wingu lenyewe.

Kisha uliza redioni. Aliyetua Kisongo dakika tano zilizopita anajua kuliko METAR ya nusu saa iliyopita. Na wewe ukipita salama au ukitikiswa, sema, taja mahali na kimo. Anayekufuata anasikiliza.

Hatua ya 5: Omba kukwepa mapema

Kaa mbali na wingu kubwa la radi kwa maili 20, kilomita 37 hivi. Usipite kati ya mawingu mawili yaliyoachana chini ya maili 40. Pita upande ule ambao upepo unatokea, kwa sababu mvua ya mawe huweza kurushwa nje ya wingu upande unakoelekea upepo, hata penye anga jeupe.

Kwa sisi wa hapa kuna kanuni ya ziada: kwepa kuelekea kusini. Kaskazini yako kuna Meru, mita 4,566, na mbele yake Kilimanjaro, mita 5,895. Magharibi ya Kisongo kuna milima ya Monduli. Kusini, Simanjiro, kuna nafasi. Vilima vipo, lakini si milima ya kukumeza ndani ya wingu. Nimesikia rubani akisema atapita "pengo" kati ya Meru na Kilimanjaro kwa sababu liling'aa. Pengo hilo hufunga nyuma yako.

Mwombe mwongoza ndege ukiwa bado mbali, kwa maneno manne: upande gani, maili ngapi, kwa sababu ya hali ya hewa, kwa muda gani. Mfano: naomba kwenda kulia kwa maili 15 kwa sababu ya hali ya hewa, nitaripoti nikishapita. Akichelewa kukujibu na hali inakaza, tamka "WEATHER DEVIATION REQUIRED". Maneno hayo yanakupa kipaumbele masikioni mwake. Hali ikikulazimisha zaidi ya hapo, tamka PAN PAN mara tatu, wito wa hali ya haraka ambayo haijafikia dharura.

Ukumbuke pia anachokiona mwenzako wa mnarani. Rada inayosoma transponda, kifaa cha ndege kinachojibu rada kwa namba yako, inamwonesha wewe na kimo chako. Wingu haimwoneshi. Na mwenye mnara bila rada anatazama dirishani tu kama wewe. Akikupa mwelekeo unaokupeleka kwenye weusi si kwamba anakutakia mabaya, hajui. Mwambie: siwezi, kwa sababu ya hali ya hewa, naomba hivi.

Hatua ya 6: Ukisubiri, subiri kwa ukomo

Subira ina faida: mvua nyingi za alasiri hapa hupita ndani ya nusu saa au zaidi kidogo. Chagua mahali peupe pa kuzungukia, mbali na milima, ambapo njia ya kwenda mbadala iko wazi. Usisubiri mahali ambapo radi yenyewe imekaa kati yako na KIA. Punguza mwendo uokoe mafuta, na kila ukimaliza duara soma kipimo kwa sauti, ulinganishe na namba zako mbili.

Upande wa mnara wakati huo kazi ni nyingi. Mwongoza ndege anawapanga wanaosubiri kwa vimo, futi 1,000 kati ya mmoja na mwingine. Anazuia wanaotaka kuruka, anapiga simu KIA kuuliza nafasi ya kuegesha, anapokea maombi ya kukwepa kutoka kwa watu watatu wanaoongea kwa pamoja. Ukiongea, sema kwa ufupi na mara moja.

Hali ikishuka chini ya mwono wa kilomita 5 au dari la wingu chini ya futi 1,500, ruhusa ya kawaida ya kuruka kwa macho ndani ya eneo la uwanja haipo tena. Usimsukume mnara akupe ruhusa maalumu ili ukajaribu tu.

Hatua ya 7: Tamka uamuzi

Hapa nijibu lile swali la nani anaamua. Anayeamua ndege iende wapi ni rubani kiongozi. Mwongoza ndege hukupa taarifa, hukutenganisha na wenzako, hukufungulia njia. Hakuamulii kuingia kwenye wingu na hawezi kukulazimisha kutua. Kwa hiyo usimuulize "unanishauri nini?" Mwambie: nahamia KIA, halafu umpe anavyohitaji bila kusubiri aulize:

- jina la ndege, ulipo na kimo chako;
- unakokwenda na njia unayoiomba;
- mafuta uliyonayo kwa saa na dakika, si kwa pauni, kwa sababu hajui ndege yako inakunywaje;
- idadi ya watu ndani, ukiwamo wewe.

Akishayapata hayo, yeye huwapigia wa uwanja unaokwenda, huwapa makadirio ya kufika kwako, na kukukabidhi kwenye masafa yao. Dakika ile moja ya kusema vizuri humwokolea maswali matano.

Kuhusu mafuta kuna maneno mawili tu yanayohesabika. "MINIMUM FUEL" unasema pale ambapo umeshaamua uwanja mmoja, na mabadiliko yoyote yanaweza kukufanya utue na pungufu ya akiba ya mwisho. Si dharura na hayakupi zamu ya kwanza, yanamjulisha tu. Ukiona hesabu inasema utatua na pungufu ya akiba, tamka "MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY, FUEL". Hapo ndipo wote wanakupisha.

Usiseme "mafuta yanapungua" ukadhani umeeleweka. Januari 25, 1990, Boeing 707 kutoka Kolombia ilisubirishwa mara kadhaa ikielekea New York katika hali mbaya ya hewa, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Watu 73 kati ya 158 walikufa. Marubani walikuwa wamesema redioni kwamba mafuta yanawaishia. Dharura hawakuitamka.

Hatua ya 8: Hakikisha ni uwanja wenyewe

Kisongo na KIA zote zina njia ya kurukia ya 09/27, zimelala mashariki na magharibi kwa mwelekeo uleule, na kati yake ni dakika kumi za Caravan. Desemba 2013 Boeing 767 iliyokuwa ikielekea KIA ilitua Kisongo, kwenye njia iliyo karibu nusu ya ile ya KIA, ikaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Waliokuwa kwenye usukani walikuwa na uzoefu kuliko wewe sasa, na kuliko mimi nilipokuwa naanza. Ukishabadili uwanja, badili kila kitu: masafa, kimo cha uwanja, kipimo cha shinikizo, uwanja ulioandikwa kwenye GPS. Soma umbali kwenye GPS kabla ya kushuka, na utafute kitu cha ardhini unachokijua. Kisongo iko kando ya barabara ya Dodoma na mji uko mashariki yake. KIA iko uwandani, na mji mkubwa haupo karibu.

Hatua ya 9: Tua mbadala kwa uangalifu uleule

Watu hulegea wakishahama. Radi ikiwa ndani ya maili 5 ya uwanja au ya njia yako ya kushukia, mimi situi, nazunguka. Mwendo ukipanda ghafla kwa noti 15 bila wewe kugusa kitu, hiyo ni midomo ya upepo unaoporomoka. Kitakachofuata ni mwendo kuanguka. Ongeza nguvu na uondoke wakati huohuo, usingoje uone. Muulize mnara upepo wa sasa hivi mara mbili: ukiwa maili tano na ukiwa karibu kabisa.

Hatua ya 10: Ukishatua

Hakikisha mpango wako wa safari umefungwa, hasa ukitua uwanja usio na mnara. Rubani aliyetua salama bila kusema huanzisha utafutaji, na watu hutumwa kwenye mvua kumtafuta mtu anayekunywa chai. Piga simu ofisini, toa sababu na namba. Zungumza na abiria mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yao: tumetua KIA kwa sababu kuna radi Arusha, gari linakuja, kwa barabara kupitia Usa River na Tengeru ni saa moja au zaidi kutegemea foleni. Watu wakiambiwa ukweli hutulia.

Mambo yakikataa

*Nimeingia ndani ya wingu.* Usigeuke kurudi; kugeuza kunakuongezea muda ndani na kuielemea ndege. Nyoosha mabawa, shika mwelekeo, punguza hadi mwendo wa kupenya msukosuko ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, washa vipasha joto vya pito (mrija wa kupimia mwendo), zima otopailoti isikimbizane na kimo. Ndege ikipanda au kushuka futi mia kadhaa, iache, ilimradi ardhi iko mbali. Mwambie mwongoza ndege kwamba huwezi kushika kimo.

*Redio imekata.* Weka transponda 7600, endelea kwenye anga lililo wazi, tua uwanja unaofaa ulio karibu. Tazama taa ya mnara: kijani isiyopepesa ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyopepesa, pisha na uendelee kuzunguka, nyekundu inayopepesa, uwanja si salama, usitue.

*Mbadala nao umefungwa nikiwa njiani.* Ndiyo maana ya wa pili. Mafuta yakiwa juu ya pauni 640, geukia huko mara moja bila kwenda kuchungulia kwanza. Yakiwa chini ya hapo, tangaza mapema na uulize mnara viwanja vyote vidogo vilivyo wazi. Njia ya changarawe yenye jua ni bora kuliko lami iliyo chini ya radi.

*Giza linanikuta.* Saa kumi na moja na nusu jioni ni mwisho wangu wa kusubiri Kisongo kwa macho, hata kama mafuta yapo.

*Ofisi inanipigia simu niongeze kusubiri.* Usipokee ukiwa juu. Utaongea nao ukishafunga breki.

*Mwenzangu mbele yangu ametua salama.* Ametua dakika saba zilizopita. Uliza upepo wa sasa, angalia wingu liko wapi sasa, soma namba ya mafuta, halafu uamue.